Majina ya Milima na Kinywa Kilichoyataja

Katika Nyaraka za Taifa za Uskoti, mjini Edinburgh, yamehifadhiwa madaftari ambayo kwa sura yake hayamvutii mtu. Ni madaftari ya wapima ardhi wa karne ya kumi na tisa, yaliyoandikwa kwa mkono kwa utaratibu usiobadilika. Safu ya kwanza ina jina la mahali kama litakavyochapwa kwenye ramani. Ya pili ina namna mbalimbali za kuliandika jina hilo. Ya tatu ina majina ya watu walioulizwa, aghalabu watatu. Ya nne hueleza mahali penyewe palipo, na ya tano ina maelezo mafupi: mlima mrefu wenye majabali, ziwa dogo lenye matete, kijito kitiririkacho kuelekea kaskazini. Huitwa Madaftari ya Majina. Yaliandikwa na Ordnance Survey, ndiyo idara ya upimaji na ramani ya Uingereza, tangu miaka ya 1840 hadi miaka ya 1870, wakati nchi ya Uskoti ilipokuwa ikipimwa kwa kipimo kikubwa kwa mara ya kwanza.

Nilikutana na madaftari hayo nilipokuwa masomoni huko. Palikuwa na watu waliojitolea kunakili kurasa zake ili zipate kusomwa na kila mtu kwa urahisi, nami nikajiunga nao. Haja yangu hapo mwanzo ilikuwa kujizoeza mwandiko wa kale tu. Lakini safu ya tatu ilinishika. Baada ya majuma machache nikawa nauanza kila ukurasa kutoka hapo, kama msomaji wa tamthilia aanzaye kwa orodha ya wahusika.

Ni nani waliomo katika safu hiyo? Yumo mwenye ardhi, yumo msimamizi wake, yumo mchungaji wa kanisa, yumo mwalimu wa shule, yumo tajiri aliyekodi shamba kubwa la kondoo. Mara chache yumo mchunga kondoo au mlinzi wa mawindo. Mara chache zaidi yumo mwanamke. Utaratibu wa idara ulikuwa kumtegemea mtu mwenye cheo, na mwanzoni mwa karne ya ishirini maagizo yake yalitamka waziwazi kwamba wakulima wadogo wasitegemewe hata kwa jina la mahali wanapokaa, hasa katika kuliandika. Mtu aweza kuutetea utaratibu huo. Mchungaji wa kanisa alisoma Biblia ya Kigaeli kila Jumapili, na mwalimu alijua kalamu. Mchunga kondoo pengine hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe. Hata hivyo, kujua kuandika jina ni jambo moja, na kulijua jina lenyewe ni jambo jingine. Yule aliyepanda mlimani kila siku kutafuta mnyama aliyepotea alikuwa na jina la kila bonde na kila jiwe kubwa, kwa sababu bila majina hayo asingeweza kumwambia mwenzake amtafute wapi.

Kigaeli ni lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi vya Uskoti. Hesabu ya watu ya mwaka 1891 ilipata wasemaji zaidi ya 250,000. Ile ya mwaka 2022 ilipata wapatao 70,000. Sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyowalazimisha watoto wote kwenda shule, haikutaja Kigaeli hata kidogo, na vizazi kadhaa vya watoto vilisomeshwa kwa lugha ambayo mama zao hawakuisema. Basi wapima walifika katika milima hiyo wakati lugha ingali hai vinywani lakini haina nafasi darasani wala ofisini.

Wengi wa wapima wenyewe walikuwa askari wa kikosi cha wahandisi, wala hawakuijua lugha hiyo. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ugumu wa kazi yao sisi tusemao Kiswahili twaweza kuufahamu upesi. Kigaeli hubadilisha neno kichwani mwake. Kwetu ulimi mmoja, wengi wao ni ndimi. Ubao mmoja, nyingi ni mbao. Na mgeni asiyejua hilo atalitafuta neno "ndimi" katika kamusi asilione. Huko nako kinu cha kusagia ni muileann, lakini kijito kishukacho chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, wenye kimo cha mita 1,345, huitwa Allt a' Mhuilinn, yaani Kijito cha Kinu, na sikioni neno la mwisho husikika kama "vulin". Askari akisikia "vulin" huandika kwa herufi v, nayo herufi hiyo haimo kabisa katika alfabeti ya Kigaeli. Kubwa ni mòr, lakini baada ya neno beinn, yaani mlima, hutamkwa "vor". Farasi ni each. Lakini ziwa likiwa la farasi, farasi huyo huwa eich. Kila jina ni kifungu cha maneno kilichonyambuliwa kwa sarufi yake, na anayelinakili kwa sikio tu huvunja sarufi hiyo vipande vipande.

Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Ireland, ambako upimaji ulianza mapema zaidi, mtaalamu John O'Donovan alitembea wilaya baada ya wilaya tangu mwaka 1830 akiyachunguza majina kwa umakini usio na kifani. Lakini yaliyochapwa kwenye ramani yalikuwa maumbo ya Kiingereza. Katika kisiwa cha Lewis, kilichopimwa karibu na mwaka 1850, majina mengi nayo yaliandikwa kwa kufuata sauti za Kiingereza. Katika sehemu kubwa ya Uskoti bara, tahajia ya Kigaeli ilifuatwa kwa milima na maziwa, na ndiyo sababu mpanda milima wa leo hukuta kwenye ramani yake maneno asiyoweza kuyatamka. Binafsi naona hilo ni jambo jema. Jina lisilotamkika humlazimisha mtu aulize.

Lakini tahajia ni nusu ya habari. Nusu ya pili, tena iliyo chungu zaidi, ni watu wenyewe. Bonde la Strathnaver, katika wilaya ya Sutherland, lilikuwa na vijiji vingi vya wasema Kigaeli. Mwaka 1814, na tena mwaka 1819, watu waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi iwe malisho ya kondoo wa matajiri. Wengine walipelekwa pwani wakajifunze uvuvi. Wengine walivuka bahari hadi Kanada. Wapima walifika Sutherland katika miaka ya 1870. Basi walimwuliza nani? Waliwauliza wakodi wa mashamba ya kondoo na wasimamizi, ambao wengi wao walikuwa na asili ya kusini. Ramani yao ni safi, na mistari yake ni ya kusifiwa. Magofu ya nyumba yameonyeshwa kwa vijisanduku vidogo. Aisomaye kwa uangalifu huona kwamba majina yamesongamana pwani, kule watu walikosukumiwa, na hupungua kadiri anavyoelekea ndani, ambako waliishi kwa mamia ya miaka. Nimesikia watu wakisema kwamba nchi hiyo ya ndani ni nyika, haikuwahi kukaliwa. Ramani yenye majina machache husaidia sana kulifanya neno hilo liaminike.

Kwa hiyo wale wanaotengeneza ramani za kihistoria siku hizi hawatosheki na karatasi moja. Huanza mbali. Timothy Pont alizunguka Uskoti katika miaka ya 1580 na 1590 akichora mito, milima na makazi. Michoro yake ilikuja kutumika katika atlasi ya Blaeu iliyochapwa Amsterdam mwaka 1654, na mingi ingali imehifadhiwa Edinburgh. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, jeshi la Uingereza lilitaka kuijua nchi liliyokuwa limeishinda, na William Roy na wenzake waliipima tangu mwaka 1747 hadi 1755. Majina ya ramani ile ya kijeshi yalinaswa kwa sikio la haraka, mengine hayatambulikani mpaka mtu ayasome kwa sauti. Halafu huja Madaftari ya Majina. Halafu kanda za sauti: Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 1951 taasisi ya mafunzo ya utamaduni wa Uskoti, na watafiti wake walikwenda vijijini na vinasa sauti kuwauliza wazee majina ya mahali. Kila tabaka huwekwa na mwaka wake. Jina la mwaka 1590 halifuti la mwaka 1870, wala la mwaka 1870 halifuti la mzee aliyenaswa katika kanda.

Mimi nilibahatika kushuhudia tabaka la mwisho likikusanywa. Kiangazi kimoja nilifuatana na watafiti wawili hadi Lewis, kwa mzee mmoja aliyekuwa amepita miaka themanini. Kigaeli humheshimu mkubwa kwa kiwakilishi cha wingi, sibh, nami nilijitahidi nianze nacho, kama kwetu kijana asivyofungua maneno na mzee kabla ya shikamoo. Akanijibu a ghràidh, yaani mpenzi, neno ambalo wazee wa huko humwambia yeyote aliye mdogo wao. Tulimtandikia ramani mezani. Akaitazama kwa adabu, kisha akaisukuma pembeni. Alisema majina hayataki meza, yanataka miguu.

Tukatoka. Nyuma ya kijiji lilienea bwawa la mboji, nchi tambarare yenye viziwa visivyo na idadi, ambayo machoni pangu ilikuwa sawa kila upande. Huko ndiko ng'ombe walikopelekwa wakati wa kiangazi, na vijana, hasa wasichana, walikaa nao katika vibanda viitwavyo àirigh, wakikamua na kutengeneza siagi. Mzee huyu alikwenda huko utotoni pamoja na dada zake. Kila tulipopanda kichuguu, alitaja jina lake, na jina la kinachofuata kabla hatujakiona. Majina yalikuja kwa mpangilio wa njia, moja likilivuta jingine. Tulipomwomba aruke sehemu moja ili tuokoe muda, alinyamaza, akarudi nyuma kwa mawazo, akaanza tena kutoka kilima cha mwisho. Ramani iliyochapwa ilikuwa na majina ya kuhesabika kwa vidole katika eneo hilo. Yeye asubuhi nzima haikumtosha. Hapa palizama ndama. Hapa ndipo bibi yake aliposimama kuwaita ng'ombe. Jiwe hili huonekana wakati wa ukungu, na lile jingine huonekana wakati ukungu umekwisha kukushinda.

Nilipouliza kama wajukuu wake wanayajua majina hayo, alisema wanayo simu zinazowaonyesha njia. Hakusema kwa kulalamika.

Msamiati wenyewe unastahili somo zima. Mahali ambapo sisi tungetosheka kusema mlima au kilima, Kigaeli huuliza mlima wa umbo gani. Meall ni ule wa mviringo kama donge. Sgùrr ni wenye ncha za miamba. Càrn ni uliojaa mawe. Cnoc ni kilima kidogo. Druim ni mgongo. Coire, ambalo maana yake ni chungu kikubwa cha kupikia, ni shimo la duara ubavuni mwa mlima, lililochimbwa na barafu ya zamani. Mwili wa binadamu umetapakaa nchi nzima: kichwa, pua, mgongo, hata kwapa, maana katika nyika ya Rannoch kiko kiziwa kiitwacho Lochan na h-Achlaise, yaani Kiziwa cha Kwapa. Viumbe waliokwisha kutoweka wangali kwenye majina. Kuna mlima An Torc, Nguruwe Dume, katika nchi ambayo nguruwe-mwitu walimalizwa na wawindaji tangu zamani. Jina la mji wa Kingussie latokana na Ceann a' Ghiuthsaich, Kichwa cha Msitu wa Misonobari. Mtaalamu wa misitu atakaye kujua miti ilikuwa wapi huanza kwa kuuliza majina.

Rangi ni taabu nyingine. Gorm hutafsiriwa buluu, lakini majani mabichi nayo ni gorm. Glas huweza kuwa kijivu na huweza kuwa kijani cha mlimani. Asidhani mtu kwamba ni upungufu. Kiswahili nacho kina weupe, weusi na wekundu kwa asili, na rangi nyingine huziazima kutoka kwa vitu, majani na majivu, wala hatuoni kwamba tumepungukiwa na macho. Ile safu mashuhuri ya milima ya mashariki ambayo dunia huiita Cairngorms ilipewa na wageni jina la mlima mmoja tu kati yake, Càrn Gorm. Wenyeji waliiita Am Monadh Ruadh, Milima Myekundu, kwa rangi ya mawe yake, ili kuitenga na Am Monadh Liath, Milima ya Kijivu, iliyo ng'ambo ya pili ya bonde. Majina hayo mawili yalikuwa jozi. Moja likatwaliwa na jingine likabaki mjane. Hifadhi ya taifa ilipofunguliwa huko mwaka 2003, jina lake la Kigaeli lilirudia ule wekundu.

Katika milima hiyo hiyo kiko kilele ambacho ramani za Kiingereza hukiita Ncha ya Shetani. Jina la Kigaeli, Bod an Deamhain, lataja kwa uwazi kiungo kimoja cha huyo shetani ambacho, kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa darasani, nitamwachia msomaji akikisie. Husimuliwa kwamba tafsiri ya heshima ilibuniwa mbele ya Malkia Victoria. Iwe kweli au la, wazee walioita mlima kwa umbo lake hawakuwa na haya, na mnakili mwaminifu hana ruhusa ya kuwaonea haya kwa niaba yao.

Chini ya Kigaeli zimo lugha nyingine. Wanorwe walivitawala visiwa vya magharibi hadi mkataba wa Perth wa mwaka 1266, na majina yao yalibaki. Lewis lina ziwa Loch Langabhat. Langa vatn, kwa Kinorwe cha kale, ni ziwa refu. Wasema Kigaeli walipolirithi jina bila lugha yake waliongeza neno lao loch, hivyo leo jina zima ni Ziwa la Ziwa Refu. Nilipolisikia nilicheka, kwa maana sisi nasi tunalo Ziwa Nyasa, na nyasa kwa wenyeji wa pwani zake ni ziwa. Aliyelieneza jina hilo Ulaya ni David Livingstone, aliyefika huko mwaka 1859. Babu yake Livingstone alitoka Ulva, kisiwa kidogo cha Uskoti magharibi, mahali pa Kigaeli. Mjukuu huyo wa watu ambao vilima vyao viliandikwa na wageni ndiye aliyefika mwaka 1855 kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, Moshi Utoao Ngurumo, akayapa jina la Malkia. Simtaji ili nimhukumu. Jina la wenyeji alilihifadhi katika maandishi yake, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Kibo, kwa mfano, kilibandikwa jina la Kaiser na Hans Meyer mwaka 1889, na kilele hicho kilikaa nalo mpaka kikaitwa Uhuru, mwaka 1961.

Walimu watapenda kujua kwamba kazi kubwa ya kuyafafanua majina haya ilifanywa na mwalimu mwenzao. William J. Watson alizaliwa mwaka 1865 katika nyumba ya Kigaeli huko Ross, akawa mkuu wa shule mjini Inverness kabla ya kuwa profesa Edinburgh. Kitabu chake juu ya majina ya Ross na Cromarty kilitoka mwaka 1904, akiwa bado mkuu wa shule. Kile kikubwa, juu ya majina ya Kikelti ya Uskoti nzima, kilitoka mwaka 1926, na hakuna afanyaye kazi hii leo asiyekuwa nacho mezani. Sifa yake moja naipenda kuliko zote. Alitaka kwanza kusikia jina likitamkwa na mwenyeji, ndipo aangalie ramani. Siku hizi iko taasisi, Ainmean-Àite na h-Alba, ambayo makao yake yako katika kisiwa cha Skye, na kazi yake ni kushauri namna sahihi ya kuyaandika majina ya Kigaeli kwenye ramani na vibao vya barabarani. Nayo hufuata njia hiyo hiyo, kinywa pamoja na karatasi.

Watafiti niliofuatana nao walikuwa na kanuni chache. Jina liandikwe pamoja na aliyelitaja, mwaka, na mahali aliposimama. Wazee wawili waulizwe kila mmoja peke yake. Sauti inaswe. Maana iachwe mwisho, na mzee asishurutishwe kuitoa, kwa sababu mtu akibanwa sana kwa swali la maana hubuni hadithi ili asimwaibishe mgeni, na hadithi hiyo ikishachapwa haifutiki.

Majira ya baridi tulimpelekea yule mzee karatasi ya ramani mpya, majina yake yakiwa yameandikwa kwa wino wa rangi tofauti na yale ya karne ya kumi na tisa. Aliivaa miwani, akapitisha kidole juu yake kwa mpangilio ule ule wa njia, akitaja moja baada ya jingine, mpaka alipofika kwenye kiziwa kimoja akasimama. Akasema jina ni sahihi, nalo ni la ufuko wa mashariki, ng'ombe walikonywea maji. Ufuko wa magharibi una jina lake, na hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Tukafungua daftari.